Faili Kuu Lisomwe Mwisho

Habari ya kifo cha Koku niliipata sokoni Bukoba, nikiwa nimeinama juu ya fungu la dagaa. Bi Zuhura ndiye aliyenishika bega. Amezeeka sasa, anatembelea mkongojo, lakini sauti ni ile ile iliyokuwa ikituita mezani. "Deo," alisema, "Koku wetu hatunaye. Presha. Wanamzika kesho Ijumbi, saa nane." Nikasema "Innalillahi," mimi niliyebatizwa, kwa sababu mwaka mmoja wa kula nyumbani kwake ulinizoesha maneno yake. Hakucheka. Alinitazama, akangoja, kama anayejua kwamba lipo jambo jingine la kusemwa na anampa mwenzake nafasi. Nikamuuliza basi la asubuhi linaondoka saa ngapi. Akanijibu, akachukua kikapu chake, akaenda zake. Dagaa nililipia, kisha nikawasahau pale pale kwenye meza ya muuzaji.

Nimevuka arobaini siku nyingi, na watu wa mjini wananiita fundi mkuu. Nafanya kazi katika ofisi yenye vioo, vijana wananipisha mlangoni. Lakini mwaka ulionifanya niwe mtu niliye, kwa ubaya wake, niliutumia katika vyumba viwili vya mbele vya nyumba ya Bi Zuhura, mtaa wa Bilele. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuoni Dar es Salaam na cheti nilichokibeba kama sanamu ya Bikira kwenye maandamano. Chumba cha kwanza kilikuwa sebule yake zamani. Mapazia ya kudarizi yalibaki, na picha ya babu yake aliyekuja kutoka pwani kuuza vitambaa ilibaki ukutani ikitutazama. Kompyuta zilikuwa tatu. Ile kubwa, iliyotuma meseji, tuliiweka juu ya meza ya cherehani, na kando yake palikuwa na beseni, maana Bukoba mvua haina msimu na bati la Bi Zuhura lilikuwa na tundu ambalo kila fundi aliliziba na hakuna aliyeliweza. Chumba cha pili kilikuwa cha mikutano na cha kulia chakula. Mlango wake ulitazamana na jiko, kwa hiyo tulichosema mezani Bi Zuhura alikisikia, na alichosema yeye kwa majirani zake sisi tulikisikia pia. Nilijua ndoa ya nani Bilele inayumba kabla mwenye ndoa hajajua.

Mradi ulikuwa wa kuwakumbusha watu siku ya kuchukua dawa. Dawa zenyewe ni zile za kufubaza virusi vya ukimwi, na mkoa wetu hauhitaji kuelezwa habari za ukimwi. Kila kibanja kina makaburi yake katikati ya migomba. Watu walikuwa wakikosa siku zao, dawa zinakatika, mwili unarudi nyuma. Mzee Pastory, mwalimu mstaafu aliyekuwa mkuu wetu, alipata wafadhili, akanipata mimi, akasema kompyuta iwe inawatumia meseji. Tulianza na orodha tatu: Ijumbi, Kamachumu na Izimbya. Kazi yangu ilikuwa kuandika programu, na programu, ili ijue la kufanya, kila inapoamka husoma kwanza mafaili ya mipangilio: itume saa ngapi, kwa lugha gani, kwa maneno gani. Tulikuwa na faili kuu, la ofisi, na kila kijiji kilikuwa na faili lake dogo. Programu ililisoma faili kuu kwanza, kisha ikalisoma la kijiji juu yake. Pale ambapo yote mawili yanazungumzia jambo moja, lililosomwa mwisho ndilo linaloshinda. Pale ambapo moja limenyamaza, neno la mwenzake linabaki. Basi, hakuna uganga zaidi ya huo.

Wiki ya kwanza kabisa, kabla Koku hajaajiriwa, nilitaka tu kuona kama mtambo unatuma. Nikaandika chini kabisa ya faili kuu mstari mmoja wa meseji: "Ndugu, siku yako ya kuchukua dawa za virusi vya ukimwi imefika. Usikose." Nikajitumia mwenyewe, ikaingia kwenye simu yangu, nikapiga makofi peke yangu. Mstari ule sikuufuta. Haukumdhuru mtu, kwa sababu mafaili ya vijiji yalikuja baada yake na kuufunika. Ulikaa chini ya maneno mengine miezi minane, nami nikausahau.

Maneno mengine hayo yalikuwa ya Koku. Aliletwa kwetu kama mhudumu wa vijijini, binti wa Ijumbi mwenye kidato cha nne, kazi yake ikiwa kukusanya namba za simu. Siku ya tatu alisimama nyuma ya kiti changu akauliza, "Hiyo meseji itasemaje?" Nikamwambia itasema siku ya dawa imefika. "Simu itakuwa mkononi mwa nani?" Sikuelewa. Akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mgeni. Ijumbi simu moja ni ya nyumba nzima. Nyingine inashinda dukani kwa jirani mwenye sola, inachajiwa, na mwenye duka ndiye anayesoma meseji zikiingia na kumpigia mwenyewe kelele ng'ambo ya migomba. Bibi asiyejua kusoma anasomewa na mjukuu, kwa sauti, mbele ya wageni. "Wewe fundi," alisema, "unaandika barua kwa mtu mmoja, lakini huko inasomwa kama tangazo la kanisani."

Kwa hiyo alikwenda. Wiki tatu alizunguka vijiji vile vitatu, akakaa na wenyewe kwa siri, kikundi kwa kikundi, akawauliza ni maneno gani yanaweza kuingia katika simu yao bila mtu kugeuza shingo. Wanawake wa Ijumbi walichagua kusuka: "Kikao cha kusuka mikeka ni Jumatano. Usikose." Izimbya wakasema mbegu za maharage zimefika. Kamachumu walichagua mazoezi ya kwaya, na hapo akatokea mzee mmoja akakataa. "Mwanangu, sauti yangu hata mbuzi wanaikimbia. Nani ataamini niko kwaya?" Wakajadiliana nusu siku, mwisho wakamfanya mbeba benchi wa kwaya. Koku alitusimulia hayo mezani akiigiza sauti ya mzee, na Bi Zuhura alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi ya jikoni. Kisha Koku aliniomba nimfundishe kufungua faili la kijiji na kuyaandika maneno hayo mwenyewe. Aliandika kwa vidole viwili, akisoma kila herufi kwa mnong'ono, na akimaliza alisoma faili lote tangu juu hadi chini, hata mistari isiyomhusu. Nilikuwa nikimtania kwamba anasali rozari. Kila wiki, kabla meseji hazijaenda kwa watu, alizituma kwanza kwenye simu yake ndogo ya tochi, akazisoma, ndipo akasema "Haya."

Nikiukumbuka mwaka ule huwa naanza na chakula, labda kwa sababu ndiyo sehemu isiyoniuma. Bi Zuhura alitupikia mchana. Akipata nazi alizitia kwenye ndizi, na Koku alisukuma sahani kwa kidole akisema ndizi zimepakwa sabuni. "Nyinyi Wahaya," Bi Zuhura alijibu, "mmezaliwa migombani lakini kuipika hamjui, mnaichemsha tu kama nguo." Msimu wa senene, panzi wetu wa kula, alikataa kuwapika, lakini alimruhusu Koku ashike jiko lake, akasimama mlangoni amejiziba pua kwa mtandio, na baadaye tulimkamata akionja. Koku alikula kidogo na kuongea sana. Aliongea hasa juu ya rafiki yake mmoja wa Ijumbi, Adventina, mjane kijana aliyesuka mkeka mzuri kuliko wote kijijini. Mumewe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, yeye akabaki katika kibanja cha ukweni na binti yao mdogo. Shemeji yake alikitaka kibanja. Mama mkwe alimpenda mkaza mwana wake, lakini alimwogopa mwanawe. Hakuna aliyejua kwamba Adventina anatumia dawa, na simu yake ilichajiwa dukani kwa shemeji huyo huyo. Haya yote niliyajua. Nilielezwa nikiwa na mfupa wa sangara mkononi.

Mambo yaliharibika kwa jambo dogo. Muuguzi mmoja wa upande wa Kamachumu aliona saa nne asubuhi watu wako shambani, akamwomba Koku aweke saa kumi katika faili la kijiji. Koku akaweka. Ripoti ya mwezi ikatoka na saa mbili tofauti, wafadhili wakauliza, na Mzee Pastory, ambaye hakujua lolote, akajibu mbele yao akibabaika. Alirudi Bilele amenuna. Akatuita chumba cha pili, akapitisha kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kama anavyofanya mtu mzima anapofungua kikao, kila mmoja akachukua buni mbili tatu. Kisha akasema. "Mimi nimekulia kwenye vikao vya ukoo. Kikao cha ukoo anaanza kusema mdogo, anafuata anayemzidi, wanapanda hivyo hivyo, na mkubwa anasema mwisho. Mkubwa akishasema, kikao kimefungwa. Hakuna anayefungua mdomo tena, watu wanainuka. Sasa Deo ananiambia kwamba katika kompyuta yenu faili kuu linasema kwanza, halafu vitoto vya vijiji vinakuja kulifunika. Ni nyumba gani hii?" Akanigeukia. "Faili kuu lisomwe mwisho. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Ningeweza kumwambia kwamba mafaili si wana ukoo. Ningeweza kumwambia kwamba katika programu mdogo huachiwa neno la mwisho kwa sababu yeye ndiye anayeijua nyumba yake. Lakini nami nilikulia kwenye vikao hivyo hivyo, Kamachumu, nimeketi juu ya nyasi zilizotandazwa, nikisubiri wajomba wamalize ili babu afunge. Mpangilio ule ulinipendeza. Ulionekana kuwa na adabu. Na kuna la pili ambalo halipendezi kulisema: nilikuwa nimechoka kusikia Bi Zuhura akisifu maneno ya Koku, mikeka ya Koku, kwaya ya Koku, wakati mwenye cheti ni mimi.

Mchana ule tulikula ndizi na maharage. Koku hakugusa chake. "Deo, ukiligeuza hivyo, maneno ya akina mama hayafunikwi?" Nikamwambia faili kuu halina maneno ya meseji, lina saa na lugha na namba ya mtambo tu, litafunika saa, maneno yatabaki. "Umelisoma lote?" Nilikuwa nimelifungua asubuhi ile, nikaona ukurasa wa juu, nikalifunga. Jikoni sufuria ilinyamaza, Bi Zuhura alikuwa ameacha kukoroga. "Nimelisoma lote," nikasema. Koku alinitazama kidogo. "Basi nitajipimia Jumanne kama kawaida." Nikamwambia hakuna haja, Mzee ameshafunga jambo, na Jumanne wageni wanakuja, kompyuta itakuwa na shughuli zao. Nilisema kwa sauti ya fundi. Akachukua kijiko, akaanza kula.

Jumatano ilikuwa zamu ya Ijumbi. Saa nne asubuhi taa ya mtambo ilianza kupepesa kijani, kama ilivyopepesa kila wiki, na mimi nilikuwa nakunywa chai ya tangawizi. Iliacha kupepesa. Kitambo kidogo simu ya Koku ikalia. Alisikiliza, kisha akaniletea simu na kuniwekea sikioni, na nikasikia sauti ya mwanamke ikisoma, taratibu, neno kwa neno, kama mtoto wa shule: ndugu, siku yako ya kuchukua dawa za virusi vya ukimwi imefika. Niliyajua maneno yale kabla hajayamaliza. Nilichomoa waya wa mtambo ukutani kwa nguvu mpaka soketi ikatoka nao. Haikusaidia kitu, orodha ya Ijumbi ilikuwa imekwisha yote.

Tulipanda basi, tukashuka Muleba, tukachukua pikipiki, mvua ikitupiga usoni njia nzima. Koku hakuniuliza lolote. Ijumbi ilikuwa kimya mno kwa siku ya kazi. Watu walisimama milangoni wawili wawili, na tulipopita waliacha kusema. Nyumbani kwa Adventina vitu vyake vilikuwa nje, kwenye njia inayotoka kibanjani: sufuria mbili, godoro lililokunjwa, mkeka aliokuwa hajaumaliza, ukindu wake umelowa na kutapakaa. Yeye alikaa juu ya godoro, kanga imefunika kichwa. Shemeji hatukumwona. Mama mkwe alitoka, akatukaribisha kwa heshima zote, akatuita "waitu", neno la heshima la Kihaya, kama wageni wa kawaida, na hata akauliza habari za mjini. "Hatujamfukuza, waitu," alisema. "Tumemwambia akapumzike kwao." Koku akapiga magoti mbele yake kwenye tope. "Mama, na mtoto?" Mama mkwe alitazama upande wa migomba. Machozi yalikuwa yanamtoka na uso wake haukubadilika. "Mtoto ni wa ukoo," alisema. Binti mwenyewe, wa miaka sita hivi, alikuwa mlangoni nyuma yake, ameshikwa mkono na mtu ambaye sikumwona.

Nilibeba godoro. Katika maisha yangu yote ya kompyuta sijawahi kubeba kitu kizito kama godoro lile la sufi, na halikuwa na uzito wowote. Tulimpeleka Adventina nyumbani kwa mama yake Koku, ng'ambo ya kilima, na njiani Adventina alisema jambo moja tu, akimwambia Koku: "Uliniambia maneno nachagua mimi." Koku alisema, "Ndiyo. Nilikuambia." Mimi nilikuwa nyuma yao hatua tano. Ilitosha kufungua mdomo. Nilijiambia si mahali pake, tuko njiani, tunanyeshewa, nitasema ofisini, mbele ya Mzee, inavyopaswa.

Ijumaa Mzee Pastory aliita kikao. Wafadhili walitaka barua ieleze nani alikosea na amechukuliwa hatua gani. Bi Zuhura alikuwa ametengeneza pilau na hakuna aliyeisogelea. Kikapu cha kahawa kilipita. Buni zangu zilianguka sakafuni, nikaziokota moja moja ili nisimtazame mtu. Mzee hakuwa mkatili, nataka hili lieleweke. Alikuwa mzee aliyeumia, na alitaka kufuata njia aliyoijua. Akasema aanze mdogo. Mdogo alikuwa Koku.

Koku alisimama. "Mimi ndiye ninayezipima meseji kabla hazijatoka," alisema. "Wiki hii sikupima." Hakusema nani alimwambia asipime. Hakusema alimuuliza nani swali gani mezani, wala alijibiwa nini. Alibaki amesimama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akanitazama, na nilielewa kabisa alichokuwa akifanya. Alikuwa amesema fungu lake na kunibakizia langu. Kisha akaketi. Mzee akanigeukia. "Deo." Nakumbuka maji ya mvua yakidondoka kwenye beseni chumba cha kwanza. Nakumbuka nilikuwa na sentensi nzima tayari kinywani, nayo ilikuwa fupi: mstari ule niliuandika mimi, na nilisema nimelisoma faili lote, na sikulisoma. Nikasema, "Sina la kuongeza, Mzee."

Mzee Pastory akafunga. Koku atapumzika, alisema, mradi utampa barua nzuri. Alitumia neno lile lile la mama mkwe, na sidhani kama alijua. Na kwa kuwa mkubwa alikuwa amesema, kikao kilikwisha, watu wakainuka. Miaka yote hii nimejificha nyuma ya desturi ile. Nimejiambia kwamba baada ya mkubwa kusema ningekuwa mkosefu wa adabu. Lakini zamu yangu ilikuwa kabla yake, nilipewa, na nikairudisha.

Alasiri nilifungua faili kuu, nikashuka mpaka chini. Mstari ulikuwepo. Kuufuta hakukuchukua hata muda wa kunywa maji. Nikarudisha na mpangilio wa zamani, la kijiji lisomwe mwisho, bila kumwambia mtu, na Mzee hakuuliza tena. Bi Zuhura aliniletea sahani ya pilau, akaiweka mbele yangu. "Kula," alisema. "Mimi ni mpangishaji tu, vikao vyenu havinihusu. Ila jiko langu lina masikio, Deo." Nilikula yote. Sijui kwa nini nilikula yote. Wafadhili walisifu jinsi mfumo ulivyorekebishwa haraka, na mwaka uliofuata sifa hiyo ndiyo iliyonipa kazi yenye vioo.

Koku nilimsikia tu kwa watu. Alirudi Ijumbi, akaishi na mama yake na Adventina, wakasuka mikeka. Watu wa orodha hawakutaka tena meseji ya aina yoyote, hata ya kwaya, wakazima simu. Basi akawa anawatembelea mwenyewe, kila mwezi, mlango kwa mlango, kwa miguu, amebeba mkeka begani kama muuzaji, na akifika alitaja bei ya mkeka ambayo maana yake ilikuwa siku ya dawa. Nilisikia pia kwamba binti wa Adventina alikua akimwona mama yake Jumapili kanisani, kutoka benchi la upande wa pili, na kwamba wengine wawili wa orodha ile waliacha dawa kwa aibu na wakazikwa. Habari hizo zilinifikia Bukoba moja moja, nami kila mara nilipanga kwenda Ijumbi baada ya mvua.

Jana nimekwenda. Nyumba ilitandazwa nyasi, wanaume nje chini ya turubai, na kaburi lilikuwa limechimbwa kati ya migomba ya mama yake. Walikuwepo watu wengi ambao sikuwategemea, wengi wao wazee na wanawake waliosimama pamoja bila kusema wanatoka kikundi gani. Mzee Pastory ameshatangulia siku nyingi. Hakuna aliyekuwa mkubwa wangu pale. Baada ya mazishi nilimkuta Adventina jikoni nyuma ya nyumba, anapanga sahani, nywele nyeupe zimetokeza chini ya kitambaa. Nilimwamkia, akaitikia, akanitambua. Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, yote, kwa mpangilio wake: mstari niliuandika mimi, Koku aliniuliza, nikamdanganya, nikamkataza kupima, na siku ya kikao nikanyamaza. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia, na wanawake wawili waliokuwa wakiosha masufuria waliacha kuosha.

Adventina alipanga sahani mbili zaidi. "Tunajua," alisema. "Koku alituambia wiki ile ile. Vijana walitaka waje huko Bukoba wakufanyie fujo, akawazuia. Alisema wewe si mtu mbaya, ni mwoga tu, na mwoga akiachwa peke yake huja mwenyewe." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Basi tukakuacha. Mwanzo kila pikipiki iliyopanda kilima alikuwa anatoka nje kutazama. Baadaye aliacha kutoka, ila alikuwa anauliza ni nani. Hata juzi, akiwa kitandani, alisikia pikipiki akauliza."

Alinitazama bila hasira, kwa uchovu tu, kama mtu aliyekaa na mgonjwa siku nyingi.

"Kwani Bukoba ni mbali?" akaniuliza.